Kikopo Kimoja cha Watu Wawili

Mama Pasi aliamka amechoka. Hilo halikuwa jambo geni. Alilala amechoka, akaota anapiga pasi, akaamka amechoka zaidi. Ni kama zile shuka za ndotoni nazo alizipiga kweli, tena bila malipo.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba tena. Alipobonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka kubwa la udobi, lile linalofua shuka za hoteli. Alisimama kutwa, mvuke ukimpanda usoni. Kwa hiyo hakushangaa. Alijiambia kwamba miguu ya mpiga pasi ni ya kuvimba, kama vile mikono ya makenika ni ya kuwa na grisi.

"Mzee, amka," alimwambia mumewe. "Kulala hakujengi nyumba."

"Hata kuamka hakujajenga," alijibu mumewe kutoka chini ya blanketi. "Miaka yote hii tumepanga."

Mumewe alikuwa fundi bomba. Watu walimwita Koki. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika mtaani, na yeye hakulidai. Naye siku hizi alichoka mapema. Kichwa kilimgonga jioni. Alisema ni umri.

Mama Pasi alinyoosha mkono kwenye rafu. Kati ya sukari na kiberiti palikuwa na kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu. Alikifungua, akatoa vidonge viwili vyeupe.

"Hii yako," alisema. "Hii yangu."

Walikunywa pamoja, kwa bilauri moja ya maji. Wote wawili walikuwa na presha. Koki aliipata kwanza, mkewe akamfuata. Kila mmoja alipewa dawa zake kwenye kituo cha afya, ndani ya boksi lake. Lakini Mama Pasi hakupenda maboksi. Yalijaza rafu. Alizitoa dawa zote, akazimimina kwenye kikopo kimoja, maboksi akawashia moto.

Nyumba ile ndivyo ilivyokuwa. Sahani moja, blanketi moja, kikopo kimoja. Miswaki tu ndiyo ilikuwa miwili, na hata hiyo Koki aliwahi kukosea.

"Presha ni presha," Mama Pasi alizoea kusema. "Na nyeupe ni nyeupe."

Siku moja Koki alirudi kutoka kazini na habari. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imepata kazi ya kufunga matenki ya maji ya mvua kisiwani. Kisiwa chenyewe kilikuwa mbali. Ilikuwa meli kwanza, halafu boti, halafu kutembea kwa miguu ndani ya maji mpaka ufukweni. Simu haikushika. Kazi ilikuwa ya wiki mbili.

"Huko kuna nini?" aliuliza Mama Pasi.

"Kuna watu wasio na maji."

"Na wewe ndiye unayewapelekea. Mtu asiyejua kuogelea."

"Siendi kuogelea, mama. Naenda kufunga mabomba."

Mama Pasi hakuipenda safari ile. Lakini alikuwa amechoka hata kubishana. Alimfungia mumewe nguo. Kisha alifungua kikopo, akahesabu vidonge vya wiki mbili, akavifunga kwenye kipande cha karatasi. Hakuongeza hata kimoja. Aliona ni kuvitupa bure. Kifurushi akakitia chini kabisa ya sanduku la vifaa, chini ya spana na buti.

Msimamizi wa kazi alikuwa amewaambia mafundi wote waende kituo cha afya kabla ya safari. Koki hakwenda.

"Kituoni wanakwenda wagonjwa," alisema. "Mimi naenda kazini."

Mlango wa pili kutoka kwao aliishi jirani waliyemwita Nesi. Alifanya kazi kituo cha afya cha mtaa. Zamani alikuwa nesi wa meli iliyozunguka visiwani kutibu watu. Alikutana na Koki mlangoni, sanduku likiwa begani.

"Kaka, wamekupima? Wamekupa dawa ya kujikinga na malaria?"

"Nitakwenda nikirudi, dada."

"Ukirudi?" alisema Nesi. Alikuwa ametoka zamu na macho yalikuwa mekundu. Alitikisa kichwa, akaingia kwake kulala.

Kisiwani kulikuwa na joto ambalo Koki hakulijua. Kwao kulikuwa na baridi na mawingu. Huku mabati yalichoma mkono. Mchana wenyeji walikaa kivulini. Mafundi waliotoka mbali ndio waliokuwa juu ya paa, wakitaka kazi iishe haraka.

Maji yalikuwa ya kisima, yana chumvichumvi na rangi ya chai hafifu. Wenyeji waliyachemsha. Koki hakuwa na subira ya kuchemsha, na aliogopa tumbo. Kwa hiyo alikunywa kidogo sana. Funda moja asubuhi, funda moja jioni.

Hata hivyo alikwenda haja ndogo kila mara. Alishuka kwenye ngazi, akapanda, akashuka tena. Wenzake walimcheka.

"Koki inavuja leo!" walipiga kelele. "Leteni fundi!"

Koki alicheka nao. Moyoni hakucheka. Mdomo ulikuwa umekauka. Kila aliposimama ghafla, dunia ilizunguka kidogo kabla ya kutulia. Alisema ni jua. Aliendelea kupanda.

Siku chache kabla ya kurudi, alikuwa juu ya ngazi akikaza bomba la kuingiza maji kwenye tenki. Alihisi macho yanaingia giza. Alishika ngazi, lakini vidole havikuwa na nguvu. Alianguka chini na mkono wa kushoto ukawa chini yake.

Walimbeba mpaka zahanati ndogo ya kisiwani. Tabibu pale alikuwa peke yake. Alimpima, akaufunga mkono kwa vipande vya mbao.

"Mwili wako umekauka, mzee," alisema. "Unakunywa dawa yoyote?"

"Ya presha."

"Ipi?"

"Nyeupe."

Tabibu alimtazama. "Nyeupe zipo nyingi. Boksi lake liko wapi?"

"Maboksi mke wangu aliyawashia moto."

Tabibu alitaka kumsaidia lakini hakujua pa kuanzia. Angempaje dawa mtu bila kujua anakunywa nini? Alimchanganyia maji yaliyochemshwa na pakiti ya chumvi na sukari, akamnywesha kidogokidogo. Akamwambia asimeze vidonge vile tena mpaka ijulikane ni vya nini. Kisha wakasubiri boti.

Boti haikuja. Upepo ulikuwa umechafua bahari. Siku ya kurudi ilipita, na ya pili yake, na nyingine. Koki alilala kwenye zahanati, kichwa kikimgonga kama mtu anapigilia misumari. Aliogopa. Alimfikiria mkewe, naye alijua kwamba mkewe anamfikiria.

Mama Pasi alisimama mlangoni siku gari la kampuni lilipomleta. Aliona mumewe anashuka polepole. Uso ulikuwa umesinyaa. Mkono ulikuwa kwenye plasta ngumu aliyofungwa hospitali ya bandarini. Mkono wa fundi!

Alimshika kiuno akamwingiza ndani, akamkalisha kitandani. Halafu akakaa chini sakafuni akalia. Alilia kwa uchovu, kwa hofu na kwa hasira, na hakujua hasira ni ya nani.

"Sijafa, mama," alisema Koki.

"Nyamaza. Najua hujafa. Mtu aliyekufa hasumbui hivi."

Jioni Nesi alikuja kumjulia hali. Alisikiliza habari yote. Koki aliposema habari ya haja ndogo, Nesi aliinua kichwa.

"Hebu rudia hapo. Ulikuwa unakwenda mara kwa mara, na maji hunywi?"

"Ndiyo. Wenzangu walisema ninavuja."

"Nipeni dawa zenu nizione."

Mama Pasi alileta kikopo chenye kifuniko chekundu. Nesi alikiangalia nje, kisha ndani. "Na zako, wifi, ziko wapi?"

"Humo humo."

Nesi alifumba macho kidogo. "Nipe sahani safi, wifi."

Alivimimina vidonge kwenye sahani. Alivaa miwani. Kwa mpini wa kijiko alianza kuvisogeza, kimoja huku, kimoja kule. Mwishowe palikuwa na vilima viwili.

"Mnaona nini?" aliuliza.

"Vidonge vyeupe," alisema Koki.

"Angalia vizuri. Hivi vina mstari katikati. Hivi havina."

Mama Pasi alisogea. Kweli. Kwa miaka aliviweka mkononi kila asubuhi, na hakuwahi kuuona ule mstari.

"Hizi ni dawa mbili," alisema Nesi. "Tunazitoa kituoni kila siku, kwa hiyo nazifahamu. Lakini hata mimi siapi kwa sura ya kidonge. Kesho mje na kadi zenu tuhakikishe. Hii yenye mstari hulegeza mishipa ya damu. Hii isiyo na mstari hutoa maji na chumvi mwilini. Ukiinywa, unakwenda haja ndogo sana. Nani kati yenu aliandikiwa hii?"

"Mimi," alisema Mama Pasi polepole. "Walinionya kabisa kwamba nitakojoa sana. Nikashangaa, mbona siku nyingine sikojoi hivyo?"

"Kwa sababu anakukojolea mumeo."

Koki alitaka kucheka. Mkono ukamuuma, akaacha.

"Sikilizeni," alisema Nesi, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Presha ina dawa nyingi. Daktari humchagulia kila mtu yake. Nyinyi mlikuwa mnaokota tu. Leo mtu kapata yake, kesho kapata ya mwenzake. Ndiyo maana kaka kichwa kinamgonga. Na wewe wifi, miguu hiyo! Hii ya kulegeza mishipa huwavimbisha miguu baadhi ya watu. Wewe unasema ni kusimama."

"Si ni kusimama?"

"Pengine ni vyote viwili. Lakini ungejuaje? Sasa kaka akapelekwa kisiwani na furushi la dawa, na inaonekana nyingi zilikuwa za kutoa maji. Yuko juani. Anatoka jasho. Maji hanywi. Dawa nayo inamtoa maji. Mwili ungesimamia nini?"

Mama Pasi aliweka mkono kinywani. "Basi ni mimi. Ni mimi niliyemfungia. Nilimfungia ajali kwenye karatasi."

"Usijitwike lawama yote," alisema Nesi. "Hata hivyo, wifi, nitasema ukweli. Boksi lingekuwepo, yule tabibu angejua mara moja. Jina la dawa liko juu ya boksi. Huku nyumbani ukikosea, kituo kiko hapa nyuma. Kule uko peke yako na bahari."

Mama Pasi alichukua kile kikopo kitupu akakifunga kifuniko chake chekundu, akakifungua, akakifunga tena.

Kesho yake walikwenda kituoni wote wawili. Walisubiri sana kwenye benchi. Daktari aliwapima, akasoma kadi zao, na kila mmoja akapewa dawa yake upya. Za kikopo zilichukuliwa. Hazikutakiwa kurudi nyumbani.

"Kila mtu na boksi lake," alisema daktari. "Msizitoe ndani ya boksi. Msichanganye."

Njia nzima Mama Pasi alinung'unika. "Tumeanza kutenganisha dawa. Kesho tutatenganisha sahani. Kesho kutwa kila mtu na mlango wake, kama wanaoachana."

"Mapenzi changanyeni mtakavyo," alisema Nesi, aliyekuwa anarudi nao. "Dawa msichanganye."

Mkono wa Koki ulichukua muda kupona. Wakati huo alikaa nyumbani, akinywa dawa yake mwenyewe kila asubuhi. Kichwa kiliacha kumgonga. Miguu ya Mama Pasi ilipungua uvimbe, si wote, lakini viatu vyake vya zamani vilianza kuingia. Na sasa ni yeye aliyeamka kwenda haja ndogo, akilalamika.

Ndipo msimamizi akaja. Matenki ya kisiwani yalikuwa yamesimama bila mabomba tangu fundi bomba wao alipoanguka. Mvua zilikuwa zinakaribia. Alimtaka Koki arudi akamalize, kama yuko tayari.

Msimamizi alipoondoka, Mama Pasi alisema neno moja tu. "Hapana."

"Mama..."

"Nimesema hapana. Mimi sina nguvu ya kukungoja mlangoni tena. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka," alisema Koki. Alikaa karibu naye. "Lakini nililala kwenye zahanati ile. Nilimwona mama mmoja anakuja na ndoo ya maji ya kisima kuosha kidonda cha mwanawe. Yale maji ya rangi ya chai. Na tenki langu lilikuwa pale nje, tupu, kubwa, halina faida. Mvua ikinyesha, maji yote yatapita pembeni. Nikikaa hapa nitakuwa naliona tu."

Mama Pasi aliutazama mkono wake uliopona. Alikuwa ameolewa na fundi. Alijua kazi iliyoachwa nusu inavyomnyima fundi usingizi.

"Kabla ya lolote," alisema, "tunakwenda kwa Nesi."

Safari ilikuwa bado zaidi ya mwezi. Nesi alifurahi. "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Chanjo nyingine huchukua muda kufanya kazi. Mtu akija leo na kesho anasafiri, mimi nitamfanyia nini? Nitamwombea dua tu."

Koki alichomwa sindano za chanjo. Alipewa vidonge vya kujikinga na malaria. Daktari alimpima presha tena, akampa dawa zake za safari yote.

"Ongeza," alisema Mama Pasi.

"Nimempa za wiki mbili, na za wiki moja juu."

"Ongeza, daktari. Boti ile naijua. Haikuja."

Daktari alimtazama, akatabasamu, akaongeza. Nesi alimgusa Mama Pasi begani. "Umehitimu, wifi."

Usiku wa kufunga mzigo Nesi alikuja kukaa nao. Mama Pasi alitaka kuziweka dawa kwenye sanduku la vifaa, kama mara ya kwanza.

"Sanduku likianguka majini?" aliuliza Nesi. "Au likiachwa bandarini?"

"Basi ziwe mfukoni."

"Zigawe. Nusu kwenye mkoba wake wa begani, nusu kwenye begi la nguo. Kila fungu na boksi lake, ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Mkoba haumtoki begani. Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi."

"Na maji?" aliuliza Mama Pasi. Alikuwa amemkazia macho mumewe. "Mwambie habari ya maji. Mimi hanisikii."

"Kaka, maji utachemsha. Yatokote kabisa, halafu yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukikosa kuni, tumia vidonge vya kutibu maji, nimekuwekea. Halafu unywe, usilambe. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi nzito, ujue umechelewa kunywa. Mchana jua likiwa kali shuka kwenye paa. Kofia uvae. Ukiharisha au ukitapika, changanya pakiti hizi na maji safi, na umwone tabibu mapema. Usijifanye shujaa."

"Nikisimama dunia ikizunguka?"

"Usipande ngazi. Kaa kivulini, kunywa, mwambie mwenzako. Na wakati wa kushuka kwenye boti vaa viatu. Matumbawe yanakata kama wembe, na kidonda cha kule hakiponi haraka. Kioshe kwa maji safi, kifunike."

"Na jaketi la kuelea," alisema Mama Pasi.

"Hilo nalo," alisema Nesi. "Alivae, alifunge. Asilikalie."

Koki aliinamisha kichwa. Mara ya kwanza alikuwa amelikalia, kwa kuwa benchi la boti lilikuwa gumu. Alishangaa mwanamke huyu amejuaje.

"Wote hulikalia," alisema Nesi. "Nimewaona miaka mingi."

Koki aliondoka. Wiki mbili zikapita, na Mama Pasi akaanza kusikiliza kila gari lililopunguza mwendo mtaani. Hakuna lililomleta Koki. Alikwenda kwenye lango la kampuni.

"Bahari imechafuka tena," alisema msimamizi. "Boti zimezuiwa. Tutawajulisha, mama."

Alirudi kazini akapiga pasi. Aliunguza foronya moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jioni alikaa kitandani upande wake, upande wa pili ukiwa mtupu. Aliogopa kama mara ya kwanza. Lakini safari hii hofu yake ilikuwa na mahali pa kushika. Alijua dawa ziko kwenye mkoba. Alijua zipo za kutosha, kwa sababu alimlazimisha daktari. Aliyarudia hayo kimoyomoyo mpaka akasinzia.

Koki alirudi siku ambayo hakuna aliyemtarajia. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, sanduku begani. Alikuwa mweusi kwa jua, na amekonda kidogo. Mikono yote miwili ilikuwa inafanya kazi.

Mama Pasi alimtazama juu mpaka chini. Kabla ya salamu alichukua mkoba wa begani akaufungua. Boksi lilikuwemo, likavu. Alilitikisa. Ndani vidonge viligonga.

"Zimebaki," alisema.

"Zimebaki," alisema Koki. "Boti ilichelewa, lakini dawa hazikuniishia. Unataka kuzihesabu?"

"Sihesabu. Nimeshakuona." Na machozi yakamtoka, akacheka humo humo kwenye machozi.

Koki alimweleza kwamba mvua ilinyesha kabla hawajaondoka. Walisimama wote wakisikiliza maji yakiingia kwenye tenki. Yule tabibu alikuja na kikombe. Kwanza alimuuliza Koki anakunywa dawa gani. Koki akatoa boksi, akamsomea jina lote, herufi kwa herufi, mbele ya watu.

Jioni Nesi alipita kuwasalimu. "Karibu nyumbani, kaka. Vidonge vya malaria unaendelea navyo."

"Lakini safari imeisha."

"Safari imeisha, vidonge havijaisha. Mbu akikuuma siku ya mwisho kule, ugonjwa utakuja kuanza ukiwa hapa. Meza mpaka siku uliyoambiwa. Na ukipata homa, hata baada ya miezi, uje siku hiyo hiyo, na useme ulikuwa wapi. Usipotuambia ulikuwa kisiwani, sisi huku kwenye baridi tutakupa dawa ya mafua."

"Nitasema."

"Atasema," alisema Mama Pasi. "Asiposema, nitamsemea."

Asubuhi Mama Pasi aliamka amechoka. Pasi zilikuwa zinamngoja, na shuka za hoteli hazina mwisho. Lakini ulikuwa uchovu wa kazi tu, na huo alikuwa anaufahamu. Miguu iliingia kwenye viatu.

Kwenye rafu, kati ya sukari na kiberiti, palikuwa na maboksi mawili. Kwenye moja alikuwa amechora koki. Kwenye lingine alikuwa amechora pasi. Kile kikopo chenye kifuniko chekundu sasa kilihifadhi vifungo vya shati.

Alifungua boksi la kwanza, kisha la pili. Alimimina maji kwenye bilauri moja, kwa kuwa bilauri haina presha. Akamnyooshea mumewe kiganja.

"Hii yako," alisema. "Hii yangu."

Alikuwa amelisema neno hilo kila asubuhi kwa miaka. Sasa lilikuwa kweli.